Virusi vimefubaa, maisha je?

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 ulileta majibu ambayo miaka 20 iliyopita hakuna daktari wala mwanasiasa ambaye angethubutu kuyaahidi. Kati ya watu wazima wanaoishi na VVU Tanzania, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya hao, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubaa, yaani dawa zimevidhibiti. Hii ni nchi iliyoripoti wagonjwa wake watatu wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, ikazika watu kwa miongo miwili kabla ya kuanza kutoa ARV bure mwaka 2004. Waliotufikisha hapa wamefanya kazi kubwa, nami nawavulia kofia.

Hata hivyo, zisome tena takwimu hizo. Zote tatu zinafuatilia virusi: vimegunduliwa, vimewekewa dawa, vimefubaa. Hazituambii mwenye mwili huo analalaje, anamwogopa nani, jana alikula nini, na kama kuna mtu hata mmoja anayejua hali yake. Mtu anaweza kuwa ndani ya ile asilimia 94.3, majibu ya wingi wa virusi yakatoka mazuri kila mwaka, na bado akaishi kama mkimbizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wapo walioliona hili mapema. Mwaka 2016, dunia ilipokuwa bado inaimba 90-90-90, yaani kila moja ya takwimu hizo tatu ifike asilimia 90, kundi la watafiti likiongozwa na Jeffrey Lazarus lilipendekeza lengo la nne: asilimia 90 ya waliofubaza virusi wawe na maisha bora. Pendekezo hilo halikuingia kwenye malengo makuu. Tukahamia 95-95-95, bado tukihesabu vilevile. Na si kwamba kipimo cha maisha hakipo. Shirika la Afya Duniani lina dodoso lake la maswali 31 kwa ajili ya watu wanaoishi na VVU, linalogusa mwili, akili, uwezo wa kujitegemea, uhusiano na watu, mazingira na imani. Maswali 26 yanatokana na dodoso la watu wote. Matano yameongezwa kwa sababu ya VVU, na ndiyo yanayonigusa zaidi. Mojawapo linauliza unasumbuliwa kiasi gani na watu wanaokulaumu kwa hali yako. Jingine linauliza unaziogopa kiasi gani siku za mbele. Jingine linauliza kuhusu wasiwasi wa kifo. Kwenye kliniki zetu unapimwa uzito, unaulizwa kama umeruka dozi, unachunguzwa dalili za kifua kikuu, unapewa tarehe ya kurudi. Yote hayo ni ya lazima, lakini maswali kama yale matano kwa kawaida huyasikii.

Hoja yangu ni hii: kwa mtu ambaye dawa zimemkubali, kinachomla kuliko ugonjwa wenyewe ni kazi ya kuficha. Nasema kazi kwa sababu inachukua nauli, muda, usingizi na wakati mwingine ndoa. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo imetokana na namna tulivyoipanga huduma yenyewe.

Chukua kopo la dawa. Vidonge vya TLD, dawa inayotumiwa na wengi tangu mwaka 2019, vinakuja kwenye kopo jeupe la plastiki, na ukilitembeza linalia. Waliokaa na mgonjwa nyumbani wanaujua mlio huo, na kwenye daladala iliyojaa yule anayeujua hakosi. Kwa hiyo watu wamebuni njia zao. Kuna wanaoshindilia pamba mpaka kopo linyamaze. Kuna wanaobandua lebo na kuichoma moto. Kuna wanaovimwaga vidonge kwenye mfuko wa nailoni au kopo la vitamini wakiwa bado uani mwa hospitali, kopo lenyewe likaishia kwenye shimo la choo. Dawa iliyofungwa kitaalamu isiingiwe na unyevu inakaa miezi mitatu kwenye nailoni chini ya godoro. Mhudumu akilijua hilo atamfokea mgonjwa. Ni mara chache utamsikia akijiuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayeitaka dawa hiyo kuliko kitu chochote, ameamua kuihifadhi hivyo.

Kisha kuna safari. Njombe ndiyo mkoa wenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima, ukifuatiwa na Iringa kwa asilimia 11.1. Ungetarajia kwamba mahali ambapo karibu kila ukoo umeguswa, aibu ingekuwa imekwisha zamani. Haikwisha. Kotekote nchini wapo watu wanaoruka kituo cha afya kilicho mwendo wa miguu kutoka kwao, wanapanda basi alfajiri kwenda wilaya nyingine ambako hakuna shemeji, jirani wala mwenzao wa kwaya. Nauli wanaitoa kwenye mtaji wa nyanya. Bosi anaambiwa kuna msiba. Dawa za miezi mitatu, na kwa waliotulia miezi sita, zimepunguza mateso haya sana, na nadhani ni miongoni mwa maamuzi ya busara zaidi kuwahi kufanywa kwenye huduma hii. Lakini siku ile ya kliniki bado ipo, na bado inahitaji uongo.

Kwa nini kuwe na siku ya kliniki inayomtangaza mtu? Tulipoanza kutoa dawa, fedha nyingi zilikuwa za wafadhili, hasa mfuko wa Marekani wa PEPFAR ulioanzishwa mwaka 2003, na fedha hizo zilikuja na majengo yake, daftari zake, watumishi wake na mnyororo wake wa dawa. Ndipo ikazaliwa CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, kama tunavyoijua: jengo la pembeni, mara nyingi jipya kuliko wodi ya wazazi, lenye benchi lake nje. Kila mtu mtaani analijua. Ukikaa kwenye benchi lile hata kumsindikiza mtu, jioni utasikia umekanyaga waya.

Hapa inabidi nitende haki. Jengo hilohilo liliokoa watu. Ndani yake kulikuwa na wauguzi waliowafahamu wagonjwa wao kwa majina na kwa watoto wao, dawa hazikukauka ovyo, na foleni ilikuwa na watu wanaoelewana. Waulize wazee wa CTC kama wanataka kuhamishiwa OPD ya kawaida, idara ya wagonjwa wa nje, wengi watakuambia hapana. Wanajua OPD ilivyo: dirisha moja, watu 200, jina lako linaitwa kwa sauti, na mhudumu asiyekujua anauliza mbele ya watu, "Mama, wewe ni wa dawa zile?" Kati ya benchi linalokutangaza na dirisha linalokutangaza, watu wamechagua benchi walilolizoea.

Mjadala huu ungebaki wa wataalamu kama si Januari 20, 2025, siku Rais Donald Trump aliposaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Msamaha ulitolewa baadaye kwa huduma za kuokoa maisha, vidonge vikaendelea kupatikana, lakini kufikia Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa. Katika nchi nyingi za Afrika, serikali zikaanza kusema kwa sauti kubwa jambo ambalo lilikuwa likizungumzwa chinichini: kuziunganisha kliniki za VVU na huduma za kawaida. Kenya ililishika kwa kasi, na wanaoishi na VVU huko wakapaza sauti kuhusu faragha yao.

Mimi naunga mkono kuunganisha. Nalipinga likifanywa kwa ajili ya kubana matumizi tu. Kuna tofauti kubwa kati ya kuivunja CTC na kuwamwaga watu OPD, na kuijenga huduma moja ya magonjwa ya kudumu ambapo mwenye presha, mwenye kisukari, mwenye kifafa na mwenye VVU wanakaa benchi moja, wanashika kadi za rangi moja, wanaitwa kwa namba, na wanachukua dawa dirisha moja zikiwa kwenye mfuko wa karatasi usioonyesha kitu. Katika mpango wa namna hiyo kuonekana kliniki hakumfichui mtu. Hauhitaji teknolojia yoyote ya ajabu. Unahitaji mganga mfawidhi anayejali, na halmashauri iliyokubali kununua mifuko ya karatasi.

Kuna watu ambao mpango wowote wa kuunganisha utakufa bila wao, nao ni WAVIU washauri. Hawa ni watu wanaoishi na VVU, waliojiweka wazi, wanaokaa kliniki na kuzunguka mitaani. Aliyepima leo asubuhi akiwa bado anatetemeka hupelekwa kwake. Humpigia simu aliyekosa tarehe, si kwa kumtisha, bali kwa kumuuliza, "Shangazi, vipi, tulikutegemea jana." Mama kinara hufanya vivyo hivyo kwa wajawazito, mpaka mtoto apate majibu yake ya mwisho. Daktari anaeleza CD4, kipimo cha kinga ya mwili, mshauri huyu anaeleza namna ya kumwambia mume. Wengi wao walikuwa wakilipwa posho ndogo kupitia miradi ya wafadhili, na wao ndio waliotangulia kurudishwa nyumbani mwaka 2025. Ukitaka kujua mfumo unaamini maisha ni nini, tazama ulianza kukata wapi: tulibakiza vidonge, tukawaondoa watu waliokuwa wakiufanya usiku wa mwenye VVU uvumilike.

Kundi linalobeba mzigo mzito zaidi wa siri, na tunaloliandika kidogo kuliko yote, ni watoto waliozaliwa na VVU ambao sasa wako sekondari. Fikiria kijana wa bweni. Dawa anatakiwa kumeza saa mbili usiku, muda ambao wenzake wote wako prepo au wanasukumana bwenini. Tranka linakaguliwa na viranja kutafuta simu, kopo linaonekana. "Dawa ya nini hii?" Anasema ya moyo. Wiki ijayo mwingine anauliza, anasema ya pumu. Sasa ana uongo wa aina mbili wa kukumbuka. Kila baada ya miezi mitatu anahitaji ruhusa ya kwenda hospitali, na mwalimu wa nidhamu anataka sababu. Anaamua kuacha kumeza mpaka likizo. Anaporudi nyumbani virusi vimepanda, na kwenye daftari anaandikwa mtoro wa dawa. Mtoto aliyekuwa akijaribu kuishi kama wenzake tunamwita mtoro.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa mtu na inakataza ubaguzi, na marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Maana yake ni kwamba taifa limekubali kuwa kijana wa kidato cha pili anaweza kuijua hali yake na kuibeba. Basi na shule nayo imsaidie kubeba. Dawa za wanafunzi wote wenye maradhi ya kudumu, wa sikoseli, wa pumu, wa kifafa, zikae kwa matroni kwenye bahasha zinazofanana, na saa ya dawa iwe moja kwa wote. Mwanafunzi mwenye VVU atakuwa mmoja kati ya kumi wanaopanga foleni ya dawa, na hakuna atakayejua nani ana nini.

Siri hii inaingia mpaka chumbani, na hapa nina ugomvi na watoa huduma. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa PARTNER uliofanyika Ulaya kwa jozi za wenza zaidi ya 800 ambao mmoja ana VVU na virusi vimefubaa, mwingine hana. Walihesabu takriban mara 58,000 za kujamiiana bila kondomu. Hakupatikana hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake huyo. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema bila kumung'unya maneno: mwenye VVU anayemeza dawa sawasawa na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Kunyonyesha ni habari tofauti, hatari hupungua sana lakini hatuwezi kuisema sifuri, ndiyo maana mama na mtoto wana ratiba yao ya vipimo.

Ni wangapi wameambiwa hivyo na muuguzi wao, wakitazamana macho? Nimeongea na watu waliomeza dawa zaidi ya miaka kumi ambao bado wanalala wakimgeuzia mke mgongo, wakiamini mwili wao ni sumu. Watoa huduma wanaonyamaza wana hofu zao: watu wataacha kondomu, watasambaza magonjwa mengine, watadhani wamepona. Hofu hizo zina msingi, na zijibiwe kwa kueleza zaidi. Kumficha mtu mzima habari njema kuliko zote kuhusu mwili wake, eti kwa faida yake, ni kumnyima haki. Na habari hiyo ndiyo dawa kubwa ya unyanyapaa kuliko mabango ya Desemba 1, Siku ya UKIMWI Duniani, kwa sababu hofu ya jirani mara nyingi ni hofu ya kuambukizwa.

Pengo la habari hujazwa na wengine. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni ya magari huko Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na wapo walioacha ARV baada ya kukinywa. Leo kuna madhabahu zinazotangaza uponyaji wa namna hiyohiyo. Sitaki kuwakejeli waliokwenda. Imani ni nguzo kwa wengi wanaoishi na VVU, na lile dodoso la Shirika la Afya Duniani limeipa sehemu yake. Ninachokiona kwenye foleni ile ni watu waliochoka kuficha, waliotamani siku moja tu ya kutokuwa na kitu cha kuficha. Mchungaji au shehe anayesimama hadharani na kusema, "Omba, na umeze," anafanya kazi ambayo wizara haiwezi kuifanya.

Kuna suala la umri pia. Aliyeanza dawa mwaka 2004 akiwa na miaka 35 sasa anaelekea 60. Hafi kwa UKIMWI, ila ana presha, sukari inapanda, magoti yanauma. ARV anapewa bure dirisha hili, dawa ya presha anaambiwa akanunue duka la pembeni. Akikosa hela anakunywa ARV peke yake, anapata kiharusi akiwa na virusi vilivyofubaa kabisa. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi takriban mara sita ya asiye na VVU, na uchunguzi wake unatakiwa kuanza akiwa na miaka 25. Kuutoa ni jambo la dakika chache, alimradi aliye zamu amefundishwa na vifaa vipo. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaoishi na VVU wana kila sababu ya kuuliza kitita chake kitawabeba vipi kwa maradhi haya mengine.

Kuhusu kipato sitakaa sana, maana linajulikana: mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri ina mafungu ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanaume wa miaka 48 aliyefukuzwa kazi baada ya hali yake kujulikana hayumo kwenye fungu lolote. Konga, yaani mitandao ya WAVIU kwenye halmashauri, zimelisema hili, na wanastahili kusikilizwa.

Fedha zitoke wapi? Tanzania ina Mfuko wake wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI, na katika bajeti ya 2025/2026 serikali ilipendekeza tozo mpya, kwenye mafuta, vileo na tiketi za ndege miongoni mwa vingine, ili kuutunisha. Nimefurahi kuona nchi inajifunga mkanda wake yenyewe. Hatari ni kwamba fedha hizo zote zitakwenda kununua vidonge na vitendanishi, kwa kuwa ndivyo vinavyohesabika kirahisi kwenye taarifa. Napendekeza sehemu yake iwekwe wazi kwa ajili ya posho za WAVIU washauri na mama vinara, walipwe na halmashauri na wawe kwenye orodha ya watumishi wa afya ngazi ya jamii, wasiwe tena watu wa mradi. Napendekeza pia yale maswali matano yaingie kwenye kadi ya CTC, yaulizwe angalau mara moja kwa mwaka, na majibu yakusanywe kitaifa kama yanavyokusanywa ya wingi wa virusi. Anayefaa kuyauliza ni mshauri aliyewahi kuulizwa yeye mwenyewe.

Kamati ya Bunge ya Afya na Masuala ya UKIMWI inapoletewa taarifa ya Mfuko huo, kabla ya kufika kwenye idadi ya makopo yaliyonunuliwa, ianze kwa kuuliza washauri wangapi wamerudi kazini, wilaya kwa wilaya, na Njombe iwe ya kwanza kujibu.